Wino, taa na jino la 36: kisa cha mzizi uliokataa kupona

Kijiti cha karatasi kilitoka kwenye mzizi kikiwa na rangi mbili. Sehemu ya juu ilikuwa buluu iliyokolea kama wino wa kalamu. Milimita 3 au 4 za mwisho, zile zilizogusa ncha ya mzizi, zilikuwa nyeupe, zimelowa, na zinanuka jiki. Nilikitazama, nikakitupa kwenye bakuli la taka, nikawasha taa. Jibu la kisa hiki chote lilikuwa kwenye kijiti kile, ila ilinichukua mwezi mzima kulisoma.

Mgonjwa ameridhia kisa chake kiandikwe bila jina, na mambo machache yasiyohusu tiba nimeyageuza ili asitambulike.

Ni mvuvi wa dagaa, mwenye miaka hamsini na kitu, anayetokea upande wa Ukerewe. Jino lenyewe ni la 36 kwa namba za madaktari wa meno, gego la kwanza la chini kushoto. Lilikuwa limeshatibiwa mzizi mahali pengine miaka miwili kabla. Kijazio cha juu kikavunjika, yeye akaendelea kulitafunia hivyo hivyo kwa miezi, mate yakiingia na kutoka. Alipotufikia Mwanza alikuwa na kijipu kwenye ufizi kinachopasuka, kinanywea, kisha kinajaa tena. Maumivu hakuwa nayo, na hilo ndilo huwachelewesha watu: usaha ukishapata tundu la kutokea, jino linanyamaza na mwenye jino anadhani amepona.

Eksirei ilionyesha kivuli cheusi cha karibu milimita 6 kwenye ncha ya mzizi wa mbele. Gutaperka ya zamani, ile utomvu inayozibia mfereji wa mzizi, ilikuwa imeishia milimita 3 kabla ya ncha. Mzizi wa nyuma ulionekana hauna neno.

"Mwanangu, ling'oe tu tuachane nalo," aliniambia. Nilimwomba afungue mdomo nimwonyeshe kwa kioo. Upande wa kulia magego mawili yalishaondoka zamani, na kushoto ndiko anakotafunia kila kitu. Aliguna, akasema basi tujaribu, ila akaniwekea sharti moja la kalenda.

Mvuvi wa dagaa haji kliniki siku unayoitaka wewe. Kazi yake ni ya usiku wa giza, kwa sababu dagaa hukusanywa kwa taa. Mbalamwezi ikishapanuka taa haina nguvu tena mbele ya mwezi, mitumbwi inavutwa pwani na nyavu zinashonwa. Miadi yetu yote ikawa ya mbalamwezi, mara moja kila siku 29 hivi. Si jambo la pembeni, maana dawa ninayoacha ndani ya mzizi kwa kawaida hukaa wiki moja au mbili. Kwake ingekaa mwezi mzima, na kosa langu lolote lingekaa naye humo mwezi mzima pia.

Mzizi wa mbele wa gego la chini huwa na mifereji miwili, na mara nyingi kati yake kuna ufa mwembamba unaoiunganisha. Faili, sindano ya kukwangulia mfereji, ni chombo cha duara, na ufa ule hauna uduara. Halafu kuta zenyewe za mfereji ni dentini, sehemu ngumu ya ndani ya jino, iliyotobolewa na vijimirija maelfu kwa maelfu, vyenye upana wa kama mikromita 2.5 karibu na kiini na vyembamba zaidi kadiri vinavyoelekea nje. Bakteria wa duara ana mikromita 1 au pungufu, hivyo anapita bila kuinama. Katika mizizi iliyotibiwa ikashindikana, mmoja anayekutwa mara nyingi ni Enterococcus faecalis. Huyu anavumilia njaa ya muda mrefu. Anavumilia pia kalsiamu haidroksaidi, dawa tunayoitegemea kwa ukali wake wa alkali, kwa sababu ana pampu ya protoni inayomsaidia kulinda hali ya ndani ya seli yake. Na haishi peke yake. Anajenga utando na wenzake, wamegandamana ukutani kama utelezi kwenye mawe ya ziwani.

Silaha kuu dhidi yao bado ni haipokloraiti, ambayo wengi wetu tunaifahamu kwa sura ya jiki iliyopunguzwa makali. Inaua, na inayeyusha nyama iliyokufa, kazi ambayo taa haiwezi. Udhaifu wake ni kwamba huwezi kuisukuma kwa nguvu kutafuta kila ufa. Ikivuka ncha ya mzizi na kuingia kwenye mfupa, mgonjwa atalia na uso utavimba. Hapo ndipo tulipofikiria kuongeza tiba ya rangi na mwanga. Mwenzetu aliyesoma nje alikuwa amerudi na kifaa kidogo cha leza nyekundu ya nanomita 660, miliwati 100, na kilikuwa kimelala kabatini tangu kifike.

Tiba hii inataka vitu vitatu vikutane mahali pamoja: rangi, mwanga na oksijeni. Mwanga huu mwekundu peke yake haumfanyi bakteria kitu. Rangi ikishamganda, kisha ikapigwa na mwanga wa urefu wa wimbi unaoifaa, inapokea nguvu ile na kuihamishia oksijeni iliyo jirani. Oksijeni inachachamaa, inaunguza kuta za bakteria, protini zake na DNA yake kwa mkupuo. Kwa kuwa inashambulia kila mahali, bakteria hapati nafasi rahisi ya kujenga usugu kama anavyofanya kwa vidonge. Wazo ni la zamani kuliko viuavijasumu. Mwaka 1900 Oscar Raab, mwanafunzi wa udaktari huko Munich, alitoa taarifa kwamba vijidudu vya majini vilivyotiwa rangi ya akridini hufa vikiwa mwangani, na vikiwa gizani vinaendelea kuogelea.

Kuna jambo moja humu ambalo nililisoma nikalipita haraka. Oksijeni iliyochachamaa huishi majini mikrosekunde chache tu, na katika muda huo haisafiri hata mikromita 1. Maana yake ni kwamba rangi haitoshi kuwa ndani ya mfereji. Lazima iwe juu ya bakteria mwenyewe.

Rangi tuliyotumia ni methilini buluu, ambayo Heinrich Caro aliitengeneza mwaka 1876 na Paul Ehrlich na Paul Guttmann wakaijaribu kutibu malaria mwaka 1891. Wahudumu wa maabara wa kwetu wanaijua kama buluu inayopakwa kwenye kioo cha makohozi ili vijidudu vya kifua kikuu vyekundu vionekane. Ile ya maabara haiwekwi mdomoni kwa mtu. Tulitumia ya sindano, ya asilimia 1. Kabla ya yote nilimuuliza mgonjwa kama aliwahi kuambiwa ana upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, upungufu ambao si haba katika maeneo yetu ya malaria, na ambao hauendi vizuri na dawa hii ikiingia mwilini kwa wingi. Kwenye mzizi ni matone, lakini kuuliza ni bure.

Siku ya kwanza nililitenga jino kwa kitambaa cha mpira, nikatoa gutaperka ya zamani, nikasafisha mifereji kwa faili na jiki, nikasuuza kidogo kwa maji ya chumvi. Kwenye mfereji mmoja wa mbele nilikwama milimita 2 kabla ya ncha, nikajiambia inatosha. Nikaipunguza makali ile buluu mara 10, ikawa asilimia 0.1. Nilitaka ikolee. Nikajaza, nikasubiri kama dakika moja, nikachovya kijiti kile cha rangi mbili, kisha nikaweka ncha nene ya leza juu ya tundu la jino na kuwasha kwa sekunde 60.

Mzee alikuwa ameshika kioo cha mkononi, anafuatilia kila kitu. Nilipokunja vifaa aliniuliza, "Sasa daktari, umetia wino halafu ukawasha taa juu ya wino. Taa imepita wapi?" Akanieleza kuwa mvua zikinyesha na mito ikamwaga tope ziwani, taa yao nayo inamulika uso wa maji tu na dagaa wa chini hawana habari. Nilicheka, nikamwambia huu si uvuvi, mzee wangu. Nikaacha kalsiamu haidroksaidi ndani, nikafunga.

Mbalamwezi iliyofuata kijipu kilikuwa pale pale. Nilipofungua jino, vijiti vilitoka na majimaji yenye harufu. Sikumgusa na taa siku hiyo hadi nilipokaa chini. Nilimwomba anipe saa moja, akaenda kunywa chai.

Nilianza na kijiti cheupe. Nilichukua glasi mbili za maji, moja nikaitia jiki kidogo, na kila moja nikaidondoshea tone la methilini buluu. Glasi ya maji ilibaki buluu. Ya jiki ilififia machoni pangu, buluu ikawa kijivu, kijivu ikawa si kitu. Haipokloraiti inaichoma rangi hii kama inavyochoma doa la chai kwenye shati. Kule kwenye ncha ya mzizi, ambako maji yangu ya kusuuza hayakufika sawasawa, jiki ilikuwa imesalia, na rangi niliyoipeleka ikauawa kabla ya kumwona bakteria hata mmoja. Kama kijiti kingetoka kikavu ningesema ni povu la hewa lililoizuia rangi, kitu ambacho hutokea sana kwenye mifereji myembamba. Lakini kilikuwa kimelowa. Maji yalifika, rangi ikafia njiani.

Kisha swali la mzee. Nilipiga hesabu niliyopaswa kuipiga mwezi mmoja nyuma. Methilini buluu inafyonza mwanga mwekundu kwa uroho mkubwa. Kwa ukali wa asilimia 0.1, mwanga unapoteza tisa ya kumi ya nguvu yake kabla haujavuka hata sehemu ya kumi ya milimita, yaani unakwisha kwenye unene unaokaribiana na wa unywele. Nilikuwa nimemulika juu ya ukuta. Ukiishusha hadi asilimia 0.005, ambayo ni kuipunguza ile ya sindano mara 200, mwanga unapenya karibu milimita 1, na mfereji karibu na ncha hauna upana huo. Kuna jingine baya zaidi kuhusu rangi nzito: molekuli zake zinashikana mbili mbili, na zikishashikana hazitengenezi oksijeni kali kwa kiwango kile kile. Nilikuwa nimenunua giza kwa bei ya dawa.

La tatu linanitia aibu. Kwenye kisanduku cha leza kulikuwa na uzi wa mwanga wa mikromita 200, uliotengenezwa kuingia ndani ya mfereji. Sikuutumia kwa hofu ya kuuvunjia mle. Gego hili lilikuwa na urefu wa kama milimita 21 toka juu hadi ncha, na mzizi wa mbele umepinda. Mwanga haukati kona. Mwaka 2006 kikundi cha Nikolaos Soukos huko Boston kilitoa matokeo ya methilini buluu kwenye mizizi ya meno yaliyong'olewa: kwa uzi unaotawanya mwanga ubavuni, na dozi kubwa ya mwanga, waliua asilimia 97 ya E. faecalis waliokuwa kwenye utando. Waliweza kwa sababu mwanga uliingia mzizini. Na hata hivyo, asilimia 97 ya bakteria milioni 1 inakuachia 30,000, na hao kuzaliana si kazi. Mwenzangu anayeniambia taa itatuondolea usumbufu wa faili na jiki, namjibu kwa hesabu hiyo.

La nne ni oksijeni. Mzizi wenye usaha ni chumba kisicho na hewa, na ukimulika mfululizo unaila oksijeni kidogo iliyopo, halafu unaendelea kumulika bure. Ndiyo maana baadhi ya watafiti humulika kwa vipindi, na wengine hutia vimiminika vinavyobeba oksijeni. Wapo pia wanaochanganya iyodidi ya potasiamu, ambayo mwanga ukiipitia huzalisha iyodini inayoendelea kuua hata taa ikishazimwa. Hiyo naipenda kwa kuisoma, sijaitumia.

Mzee alirudi kutoka chai, nikaanza upya.

Safari hii nilitumia muda mrefu kwa faili ndogo hadi nikafika ncha kwenye mfereji ule niliokwama. Nikasafisha kwa jiki kama kawaida, kisha mililita 10 za maji ya chumvi kwa kila mfereji, sindano nyembamba ikiwa imeingia ndani. Nikafuata EDTA ya asilimia 17 kwa dakika moja, inayoondoa vumbi la dentini lililoziba midomo ya vijimirija na kusaidia kumaliza klorini iliyosalia. Halafu maji ya chumvi tena. Kabla ya kutia rangi nilifanya jaribio dogo ambalo sasa silikosi: nikachovya kijiti kwenye mfereji, nikakigusisha kwenye tone la buluu juu ya kibao cha kioo. Mara ya kwanza tone lilififia. Nikasuuza tena. Mara ya pili lilibaki buluu.

Ndipo nikatia rangi ya asilimia 0.005. Kwenye kibao inaonekana ya kitoto, buluu ya anga ya asubuhi, na mkono unatamani kuongeza. Niliichezesha mle ndani kwa kijiti cha gutaperka, juu chini, juu chini, kutoa povu na kuisukumia kwenye ufa, nikaiacha dakika 5 ili iwagande bakteria. Uzi wa mwanga niliujaribu kwanza kwenye karatasi nyeupe nione duara safi, maana rangi iliyokaukia kwenye ncha yake huziba mwanga. Nikauingiza hadi milimita 2 kabla ya ncha na kuuvuta taratibu kuja juu huku nikiuzungusha. Sekunde 30 taa, sekunde 30 mapumziko na rangi mpya, mara 4. Jumla sekunde 120 za mwanga kwa kila mfereji, sawa na nishati ya juli 12. Nikamalizia kwa jiki kuondoa ubuluu jino lisibaki na doa. Jiki ile ile niliyoifukuza ilirudi kwa heshima, sasa ikiwa haina cha kuharibu.

Mzee alikodolea macho kioo. "Leo maji ni maangavu," alisema. Sikuwa na la kumjibu zaidi ya "shikamoo", naye akaitikia marahaba akicheka.

Mbalamwezi ya tatu ufizi ulikuwa umefunga, na kijiti kilitoka kikavu, hakina harufu. Nikaziba mifereji, nikajenga juu vizuri, jambo ambalo kwa maoni yangu linaokoa meno mengi kuliko leza.

Tangu niwasimulie wenzangu, swali ninaloulizwa sana ni kama taa ya buluu ya kukaushia vijazio, ambayo karibu kila kliniki inayo, inaweza kutumika. Kwa methilini buluu, hapana. Rangi hiyo hufyonza mwanga mwekundu, na mwanga wa buluu inauacha upite. Mwanga wa buluu unaendana na kurkumini, ile rangi ya manjano ya jikoni. Kabla hujakimbilia sokoni, kurkumini karibu haiyeyuki majini, bizari ya kwenye mfuko ina mengi mengine yasiyo kurkumini na si salama kwa kidonda, na doa lake kwenye jino ni gumu. Anayeitumia kwa utafiti anatumia iliyosafishwa na kuyeyushwa kitaalamu.

Swali jingine ni kama taa ndiyo iliyomponya. Siwezi kusema hivyo, na ningemtilia shaka anayesema. Siku ile ya pili nilibadilisha mambo mengi kwa pamoja: nilifika ncha, nilisuuza kwa wingi, nilitia EDTA, nikatumia rangi hafifu na uzi. Huenda milimita 2 zile za faili zingetosha peke yake. Ninachoweza kusimamia ni kwamba tiba ya siku ya kwanza haikuwa na nafasi ya kufanya kazi, taa iwe nzuri au mbaya, na kwamba kununua leza yenye nguvu zaidi kusingesaidia hata kidogo. Hakuna hata moja kati ya makosa yale lililokuwa la taa.

Eksirei ya miezi 6 ilionyesha kivuli kimepungua hadi milimita 3 hivi. Ya miezi 12 imebaki alama nyembamba, mfupa umerudi ukiwa na mawingu kidogo upande mmoja. Anatafuna upande ule, kijipu hakijarudi. Nimemwomba aje tena mwakani. Amesema atatazama mwezi kwanza.